Fyuzi, Breka na Mkono wa Mwenye Nyumba

Wengi huamini kwamba breka iliishinda fyuzi kwa ubora wa ufundi. Sikubali. Fyuzi ni waya mwembamba unaoyeyuka mkondo ukizidi. Haina springi wala kiungo cha kukwama, na ile ya kiwandani, iliyojazwa mchanga, hukata shoti kubwa kwa kasi ya ajabu. Udhaifu wake ulitoka kwa binadamu. Katika nyumba za Uingereza, na za Afrika Mashariki zilizofuata kanuni zake, fyuzi ya kufungwa waya kwa mkono ilimwachia mwenye nyumba uamuzi mzito. Gizani, akiwa na haraka, aliweka waya mnene zaidi, hata msumari, na hatari ikahamia kwenye nyaya zilizofichwa ukutani.

Breka ndogo ya nyumbani, iliyopewa hataza mwaka 1924 kwa kazi ya Hugo Stotz wa Mannheim, Ujerumani, ilimwondolea uamuzi huo. Ndani yake joto hukata mzigo uliozidi polepole, na sumaku hukata shoti papo hapo; kuirudisha ni kuinua swichi yake kwa kidole tu. Watasema breka nayo huzeeka na kukwama. Ni kweli, na wala haikuifuta fyuzi: plagi ya pini tatu bapa, iliyowekewa kiwango Uingereza mwaka 1947, bado inaibeba, kwa kuwa breka ya ampea 32 haiwezi kuulinda vilivyo waya mwembamba wa taa ya mezani.