Kipilipili

Kiswahili hutenganisha nywele za singa, zinazolala na kuteleza, na za kipilipili, zinazojikunja vifundo vidogo kama punje za pilipili manga. Kipilipili si tusi. Ni sifa ya umbo, na inasikitisha kwamba wasichana wengi walilisikia neno hili kwa mara ya kwanza wakichekwa.

Saluni za Dar es Salaam na Nairobi zimenyoosha nywele hizi kwa miaka mingi. Dawa kali, nyingine zenye haidroksaidi ya sodiamu, huvunja viungo vya ndani vya unywele na huweza kuunguza ngozi ya kichwa.

Sasa wengi wanaziacha zijikunje, nazo zinataka subira. Mafuta ya kichwa hayateremki kwa urahisi kwenye mizunguko, ndiyo maana ncha hukauka upesi. Nywele huloweshwa, hugawanywa mafungu, hupakwa mafuta ya nazi. Kisha huja chanuo, jina lililotokana na kitenzi chanua, kile kile cha ua. Meno yake mapana huanzia nchani na kupanda taratibu hadi mzizini. Ukianzia juu, unazikata.

Zikishalainika, husukwa mabutu, au twende kilioni, mistari inayoelekea kisogoni.