Limfoma ya Burkitt: Seli zinapogawanyika bila kizuizi

UVIMBE wa taya la mtoto aghalabu hudhaniwa kuwa maradhi ya meno. Jino hung'olewa, siku mbili tatu zikapita, na uvimbe ukazidi kukua. Miongoni mwa watoto wa eneo la Ziwa Viktoria na wa pwani ya Afrika Mashariki, uvimbe wa namna hiyo huweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ambayo idadi ya seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyo ndiyo inayoifanya iwe hatari kubwa, na ajabu ni kwamba kasi hiyo hiyo ndiyo inayoifanya itibike. Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza tutazame jinsi seli inavyogawanyika.

Kila binadamu huanza akiwa seli moja. Mtu mzima ana seli zipatazo trilioni 30, na zote ni uzao wa ile ya kwanza. Mjerumani Rudolf Virchow alitangaza mwaka wa 1855 kwamba kila seli hutokana na seli nyingine. Mwenzake, Walther Flemming, alieleza kwa kina mnamo 1882 namna seli inavyogawanyika na kukuita kitendo hicho mitosisi, jina alilolitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya uzi.

Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote, yaani herufi takriban bilioni 6 zilizofungwa katika kromosomu 46. Kromosomu zikishanakiliwa hujikunja zikawa fupi na nene, kisha hujipanga katikati ya seli. Hapo nyuzi nyembamba huzishika na kuvuta nakala moja upande huu na ya pili upande ule. Seli hubanwa kiunoni, na iliyokuwa moja huwa mbili. Seli nyingi za binadamu zinazokuzwa maabarani humaliza mzunguko huu kwa takriban saa 24, ambapo kugawanyika kwenyewe huchukua kama saa moja tu. Muda uliosalia ni wa kukua, kunakili na kukagua.

Ukaguzi ndio kiini cha habari hii. Sisi ambao riziki yetu hutoka katika kusoma prufu twajua kwamba kosa likishamponyoka mhariri, huchapishwa mara elfu. Seli nayo ina vituo vyake vya ukaguzi. Mmarekani Leland Hartwell na Waingereza Tim Hunt na Paul Nurse walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2001 kwa kueleza jinsi mzunguko wa seli unavyodhibitiwa. Miongoni mwa walinzi wa mzunguko huo ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka wa 1979. DNA ikiwa na hitilafu, p53 husimamisha kazi ili irekebishwe. Isiporekebishika, seli huamriwa ijiangamize. Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu, jeni ya mlinzi huyu imeharibika.

Kwa hivyo saratani si kiumbe kigeni kilichouvamia mwili. Ni seli ya mgonjwa mwenyewe, yenye makosa yaliyolimbikizana hata ikaacha kutii amri ya kusimama.

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya ugonjwa huo. Mnamo 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari wakipita hospitali baada ya hospitali, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara. Walibaini kuwa ugonjwa ulipatikana katika sehemu za joto na mvua na kutoweka katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani yao ilifanana sana na ile ya malaria. Mwaka wa 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Virusi hivyo huitwa Epstein-Barr.

Takriban kila mtoto wa maeneo haya huvipata virusi hivyo akiwa bado mdogo, na wengi hawadhuriki. Virusi hukaa ndani ya seli B, ambazo ni askari wa damu. Malaria inayorejea mara kwa mara huzichochea seli hizo zigawanyike kwa wingi, na kila mgawanyiko ni nafasi nyingine ya kosa. Mara chache sana, kromosomu ya 8 hukatika na kipande chake kikaunganishwa na kromosomu nyingine, aghalabu ile ya 14. Katika kipande hicho mna jeni iitwayo MYC, inayoihimiza seli kugawanyika. Mahali pake papya haizimiki tena, mfano wa dereva aliyekanyaga mafuta na mguu wake ukakwama papo hapo.

Dawa nazo huulenga mgawanyiko huo. Katika miaka ya 1960, Burkitt akiwa Kampala na Peter Clifford akiwa Nairobi waliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa dawa kama cyclophosphamide, ambayo huharibu DNA ya seli inayojiandaa kugawanyika. Dawa nyingine, vincristine, hutokana na mmea wenye asili ya Madagaska ambao hupandwa katika bustani nyingi kwa ajili ya maua yake ya waridi na meupe. Huzuia zile nyuzi zinazovuta kromosomu kujengeka. (Mmea huo ni sumu, na kuuchemsha nyumbani si tiba.) Kadiri seli zinavyogawanyika kwa wingi, ndivyo dawa inavyozikuta nyingi. Nywele hunyonyoka na vidonda hutokea kinywani kwa sababu seli za sehemu hizo pia hugawanyika upesi, ila nywele huota tena.

Mbali na taya kuvimba, mzazi aangalie meno yanayolegea bila sababu, jicho linalotokeza nje au tumbo linalofura haraka, hasa kwa mtoto wa umri wa miaka minne hadi tisa. Uthibitisho hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukipima kwa hadubini. Vipimo hivyo havifai kusubiri mwezi ujao. Kwa ugonjwa huu, hata wiki moja ni muda mrefu.