Majina ya makamanda katika mji wa Songea na kambi za jeshi la Tanzania

Bombambili ni kata ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma, katika mji ambao jina lake lenyewe ni la kamanda wa vita. Desturi ya kuita mtaa, barabara au kambi kwa jina la ofisa aliyejipambanua jeshini imeenea Tanzania nzima. Songea, hata hivyo, ilikuwa na jina la askari tangu siku yake ya kwanza kuwa mji, na kwa sababu hiyo historia ya desturi hii inaanzia vizuri hapo.

Songea Mbano alikuwa nduna wa Wangoni wa Njelu, chini ya Nkosi (mfalme) Mputa Gama. Cheo cha nduna kilibeba mambo mawili kwa pamoja: kuongoza vikosi vitani na kutawala eneo kwa niaba ya nkosi. Wangoni waliutoa mfumo huo kusini mwa Afrika. Walivuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, wakapanda hadi Ufipa, kisha baadhi yao wakateremka hadi nchi ya Ruvuma. Vijana wa rika moja waliwekwa katika kikosi kimoja, hata wale waliotekwa kutoka makabila mengine, na mtu alipanda cheo kwa kazi aliyoifanya vitani. Wajerumani walipofika mwaka 1897 walijenga boma lao karibu na makazi ya nduna huyo aliyekuwa na nguvu kuliko wenzake, na kituo kikachukua jina lake. Kwa hiyo mji uliitwa Songea wakati Songea mwenyewe angali hai na angali anaamuru watu.

Vita vya Maji Maji vilifika Ungoni mwaka 1905. Mwezi Septemba misheni ya Wabenediktini ya Peramiho ilichomwa moto. Wapiganaji hawakuweza kustahimili bunduki za Wajerumani, na wakuu wao wakakamatwa mmoja baada ya mwingine. Simulizi za Wangoni zinalitaja pango la Chandamali, nje kidogo ya mji, kuwa maficho ya nduna Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa na wenzake kadhaa walinyongwa na kuzikwa katika kaburi la pamoja. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Inaelezwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Utawala uliomnyonga haukulibadilisha jina la kituo. Boma liliendelea kuandika barua zake na kuchora ramani zake kwa jina la mtu liliyemuua, na Waingereza waliokuja baadaye wakalipokea jina hilo lilivyokuwa.

Makumbusho ya Maji Maji yalifunguliwa mjini hapo mwaka 1980, na mashujaa walionyongwa hukumbukwa kila Februari. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho hayo, akakutana na kizazi cha Songea Mbano, akaomba msamaha na kuahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu la nduna.

Jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles, lilikuwa na kumbukumbu zake. Kambi zilipewa majina ya mapigano ambayo jeshi hilo lilijivunia. Kambi kubwa ya Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya pigano la Mei 1941 nchini Ethiopia, ambapo Sajini Nigel Leakey wa batalioni ya sita, batalioni ya Tanganyika, aliuawa akishambulia vifaru vya Waitaliano na baadaye kupewa nishani ya Victoria Cross. Kambi ya Tabora iliitwa Kalewa, mahali palipopiganiwa Burma mwaka 1944. Askari wa Kiafrika walimwaga damu katika sehemu zote mbili, na hilo halipaswi kusahauliwa. Lakini vita vile havikuwa vya kwao, na majina yale hayakumwambia kijana aliyetoka Songea au Iringa lolote kuhusu babu zake.

Uhuru wa mwaka 1961 haukuyagusa majina hayo mara moja. Maasi ya Januari 1964 yalianzia Colito usiku wa kuamkia tarehe 20, na ndani ya siku tano yalikuwa yamezimwa kwa msaada wa makomando wa Uingereza. Jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa chini ya Mrisho Sarakikya. Colito ikawa Lugalo, kwa heshima ya mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Tabora nako kukawa na kambi ya Mirambo, kwa jina la mtemi wa Wanyamwezi. Uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko unavyoonekana: jeshi jipya lilijihesabu kuwa mrithi wa wale waliopigana na mkoloni, badala ya wale waliopigana chini ya amri yake.

Songea yenyewe ilipata umuhimu mpya wa kijeshi katika miaka hiyo. Ng'ambo ya mto Ruvuma Wareno walikuwa wakipigana na wapigania uhuru wa FRELIMO tangu Septemba 1964, na wakimbizi kutoka Msumbiji walipewa makazi Muhukuru. Mpaka ulihitaji ulinzi hadi Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Kambi kama ya Ruhuwiko zimeufanya mji kuwa na familia nyingi za wanajeshi, walio kazini na waliostaafu.

Vita vya Kagera ndivyo vilivyoleta kundi jingine la majina, yaani ya maofisa wa JWTZ wenyewe. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera Oktoba 1978, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mkuu wa Majeshi wakati huo alikuwa Abdallah Twalipo, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 1974 hadi 1980, na leo kambi ya Twalipo iko Mgulani, Dar es Salaam. Silas Mayunga, aliyejulikana kwa jina la Mti Mkavu, aliongoza vikosi vilivyosonga upande wa magharibi mwa Uganda. Bukoba, mji uliokuwa nyuma tu ya uwanja wa mapambano, una viwanja vya Mayunga. David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20, alianza jeshi mwaka 1942 katika King's African Rifles na akafikia cheo cha jenerali na Mkuu wa Majeshi. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Maisha yake peke yake yanapita katika majeshi yote mawili, lile la Colito na lile la Lugalo.

Ndani ya uzio wa kambi jeshi ndilo lenye neno juu ya majina. Nje ya uzio, katika kata kama Bombambili, jina la barabara hupendekezwa na wakazi katika mkutano wa mtaa, likapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata hadi baraza la madiwani. Kazi hiyo ilishika kasi mwaka 2022, Operesheni ya Anwani za Makazi ilipoendeshwa nchi nzima kabla ya sensa ya Agosti, na maelfu ya njia zisizokuwa na jina zikawekewa vibao. Vibao hivyo kwa kawaida huandikwa jina tu. Cheo, kikosi na vita alivyopigana mhusika hubaki kwa wazee wa mtaa na kwa wastaafu waliotumikia naye, na mahali ambapo hakuna aliyeyaandika huondoka pamoja nao.