Picha ya chini au picha ya kutoka chini?

Katika utengenezaji wa filamu, picha ni kipande kinachorekodiwa tangu kamera inapowashwa hadi inapozimwa; baada ya uhariri, ni kipande kilichopo kati ya mkato mmoja na mwingine. Picha huainishwa kwa umbali, yaani ukubwa wa mhusika ndani ya fremu, na kwa pembe, yaani mwelekeo wa lenzi kwa mhusika: kutoka juu, kutoka chini au kwa usawa wa macho. Miswada ya Kiswahili huyachanganya mambo haya mara nyingi, na kosa hilo haliishii kwenye karatasi. Mpiga picha huweka kamera pale maneno yanapomwelekeza.

Mzizi wa tatizo ni -a unganifu. “Picha ya Juma” inaweza kuwa picha anayoimiliki Juma, aliyoipiga Juma au inayomwonyesha Juma, na muktadha ndio huamua. Vivyo hivyo, “picha ya chini” inaweza kumaanisha kwamba kamera iko chini, au kwamba kinachoonyeshwa kiko chini. Mswada ukisema “Picha ya chini: Mama amesimama mlangoni”, msomaji mmoja ataiweka kamera karibu na sakafu, na mama ataonekana mrefu, mwenye nguvu. Mwingine atapanda ngazi na kuielekeza kamera chini, na mama yuleyule ataonekana mdogo, aliyeelemewa. Maana mbili zinazopingana zimetoka katika sentensi moja. Kwa sababu hiyo inafaa kuandika “picha ya kutoka chini” na “picha ya kutoka juu”: neno “kutoka” hutaja mahali ilipo kamera na kuondoa utata wote.

Kwa upande wa umbali, Kiswahili kina istilahi zinazoeleweka bila maelezo: picha ya mbali, inayomwonyesha mhusika mzima pamoja na mandhari yake, picha ya kati, ambayo kwa kawaida humkata kiunoni, picha ya karibu, ya uso na mabega, na picha ya karibu sana, ya jicho, kidole au pete. Ikumbukwe kwamba “karibu” hapa ni sifa ya kinachoonekana. Si hesabu ya mita. Picha ya karibu inaweza kupigwa na kamera iliyo mbali, mradi lenzi iwe ya kuvuta.

Mtego mkubwa wa wafasiri uko kwenye picha ya mbali. Kiingereza hutumia kivumishi kimoja kwa picha inayoonyesha mhusika akiwa mbali na kwa picha inayodumu muda mrefu bila kukatwa. Anayefasiri neno kwa neno hupata “picha ndefu” katika hali zote mbili. Ya kwanza ni picha ya mbali. Ya pili inaweza kuitwa “picha ya mkupuo mmoja”, kwa kuwa wasemaji tayari husema mtu amekunywa maji au amemaliza kazi kwa mkupuo mmoja. Kulitohoa neno la Kiingereza la picha na kupata “shoti” hakusaidii sana: kwa wasemaji wengi shoti ni hitilafu ya umeme, na mahali palipojaa nyaya na taa kubwa si pa kulipaza neno hilo ovyo.

Umbali na pembe hufanya kazi tofauti. Umbali huamua mtazamaji ajue nini. Katika filamu isiyo na sauti ya Carl Theodor Dreyer kuhusu kesi ya Jeanne d’Arc, iliyotolewa mwaka 1928, uso wa mwigizaji Falconetti huijaza fremu mara kwa mara, na mtazamaji hunyimwa chumba, umati na njia ya kutokea. Hubakiwa na machozi na macho tu. Pembe nayo huelekeza namna ya kumhukumu mhusika. Vitabu vingi vya kufundishia husema kwamba kutoka chini ni ukuu na kutoka juu ni udhaifu. Kanuni hiyo ni ya kuanzia tu. Katika Citizen Kane (1941) ya Orson Welles, Kane anaposhindwa uchaguzi, mpiga picha Gregg Toland anamtazama kutoka chini kabisa, hata sakafu ya jukwaa ilibidi itobolewe ili kamera ikae. Kane anaonekana mkubwa kama mnara, lakini dari limemkaribia kichwani, na ukubwa wake unakuwa kifungo. Kwa hiyo mfasiri wa makala za uhakiki asiandike “pembe ya ukuu” pale mwandishi aliposema kutoka chini tu. Huko ni kufasiri maana ambayo filamu yenyewe huenda inaipinga.

Liko jambo la tatu ambalo “kutoka chini” halilitoshelezi, nalo ni kimo cha kamera. Mjapani Yasujiro Ozu, kwa mfano katika Tokyo Story (1953), aliiweka kamera chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi sakafuni, lakini mara nyingi lenzi ilitazama mbele bila kuinuliwa sana. Hiyo ni kamera ya kimo cha chini, na pembe yake inakaribia usawa. Kuiita picha ya kutoka chini ni kumpa Ozu dhamira isiyo yake: hakuwa akiwakuza wahusika, alikuwa ameketi nao.

Neno “pembe” lenyewe lina maana nyingi: la ng’ombe, la chumba, la hisabati. Katika “pembe ya kamera” huchukuliwa maana ya hisabati, na ni vyema litumike pamoja na kitenzi kinachoonyesha mwelekeo, kama “kamera imeelekezwa kwa pembe ya kutoka juu”, ili lisidhaniwe kuwa ncha ya kifaa. Kamera inapolazwa upande hadi mstari wa upeo ukainama, kama inavyotokea mara nyingi katika The Third Man (1949) ya Carol Reed, iliyopigwa Vienna, Kiswahili kina neno zuri ambalo halitumiki inavyostahili: mshazari. “Picha ya mshazari” humfikishia msomaji hali ya mambo kwenda kombo. Kiingereza huipa pembe hiyo jina la Uholanzi, na “pembe ya Kiholanzi” humwacha msomaji wa Kiswahili akiitafuta Uholanzi katika filamu inayotokea Austria.

Vilevile, picha ya angani si kila picha ya kutoka juu. Ya kwanza hupigwa kwa ndege au droni. Ya pili yaweza kupigwa na mtu aliyesimama juu ya kiti.