Sita wa Simba na Mmoja wa Moshi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea ujue kwamba mimi ni Simba. Nimezaliwa Simba, nimekulia Simba, na huku kwetu Soweto ya Moshi mambo kama hayo husemwa mapema ili kila mtu ajue anabishana na nani. Kinyozi wetu ni Yanga. Kiti chake cha kunyolea ndicho mahakama yetu, na kesi ninayotaka kuisimulia ilifunguliwa pale mwezi wa nane mwaka 2018, mimi nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

Redio ilitangaza kwamba kocha mpya wa Taifa Stars, Mnigeria Emmanuel Amunike, amewaengua wachezaji sita wa Simba kwa kosa la kuchelewa kuripoti kambini. Sita! Wamo John Bocco, Erasto Nyoni, Shomari Kapombe na Jonas Mkude. Siyo watoto hao. Timu ilikuwa inajiandaa kwenda Kampala kucheza na Uganda kuwania kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika za 2019, na bwana mkubwa, ambaye hajamaliza hata mwezi nchini, anakata uti wa mgongo wa timu kwa sababu ya saa. Niliruka pale kitini na shuka shingoni. Kinyozi akacheka hadi akazima mashine. "Kaa chini, mangi," akaniambia, "utatoka hapa na nusu kichwa kama timu yenu."

Lazima niseme hasira ile ilitoka wapi, maana haikuwa ya siku moja. Ilikuwa na umri kunizidi.

Baba yangu mdogo, ambaye siku hizi anauza mbolea na dawa za kahawa, husimulia Lagos ya 1980 kana kwamba alikuwepo. Hakuwepo. Alikuwa kijana mwenye redio ya mbao huko juu mlimani, na betri zake alizianika juani ili zipate nguvu ya kumaliza dakika tisini. Mwaka mmoja kabla, 1979, Stars walikwenda Ndola kurudiana na Zambia, na bao la Peter Tino likawapa sare ya 1-1 iliyowavusha. Kocha aliyewafikisha hapo alikuwa mzalendo, Joel Bendera. Huko Lagos tulifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, tukafungwa 2-1 na Misri, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga moja, Thuwein Ally akafunga mawili. Basi. Ndiyo historia yote tuliyokuwa nayo kwa miaka 39, na tuliila kama mtu anavyokula ndizi moja safari nzima ya Moshi mpaka Dar, akimega kidogo kidogo.

Ukimuuliza baba mdogo kwa nini tulikaa nje muda wote huo, hataji uwanja wala fedha. Hutaja majina. Fulani aliachwa. Fulani alipangwa kwa sababu ni wa klabu fulani. Kila utawala wa kocha una jina lake la mtu aliyeachwa, kama vile kila mwaka wa njaa ulivyokuwa na jina lake. Enzi za Mbrazili Marcio Maximo, kuanzia 2006 hadi 2010, jina lilikuwa Juma Kaseja. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka watu wazima wakigombana stendi juu ya golikipa. Maximo hakumtaka, na nchi nusu ilimtaka. Siri ya ugomvi ule kila mtu alidai anaijua, na kila mtu alikuwa na ya kwake. Na tusimwonee Maximo, maana yeye ndiye aliyetupeleka fainali za CHAN za 2009 kule Ivory Coast, tukawafunga wenyeji 1-0 kwa bao la Mrisho Ngassa. Lakini ukitaja jina lake kijiweni hadi leo, atakayejibu wa kwanza atasema, "Kaseja je?"

Kwa hiyo niliposikia majina sita, nilisikia Kaseja mara sita.

Pale kwa kinyozi alikuwepo rafiki yangu mmoja ambaye jina lake silitaji. Ni winga wa kushoto. Nasema "ni" ingawa siku hizo alikuwa tayari anaendesha bodaboda, kwa sababu mtu aliyewahi kupiga krosi namna ile haachi kuwa winga. Nilitegemea aniunge mkono, maana naye ni Simba. Akanyamaza mpaka mimi na kinyozi tulipochoka. Kisha akasema, polepole, akiwa anaangalia pikipiki yake nje:

"Hao wameachwa kwa sababu wamechelewa. Mimi niliwahi."

Hakuna aliyemjibu. Wote tulijua habari yake. Mwaka 2016 alikwenda kujaribiwa kwenye timu moja ya ligi. Aliondoka na basi la kwanza la alfajiri, akafika kabla ya mwenye ufunguo wa geti. Siku tatu alicheza, siku tatu alisifiwa na watu waliosimama pembeni. Siku ya nne karatasi ikabandikwa ukutani, na jina lake halimo. Aliyasoma majina yote mara mbili. Mawili kati ya hayo, alituambia, ni ya vijana ambao hakuwaona uwanjani hata siku moja kati ya zile tatu. Walikuwa na mtu wa kuwashika mkono. Yeye alikuwa na viatu vya kuazima na mwaliko wa mdomo. Akarudi Moshi, akachukua pikipiki kwa mkataba.

Nilikasirika zaidi siku ile, safari hii sijui nikimkasirikia nani.

Sasa tuiangalie kesi kwa haki, maana historia si ushabiki. Stars walikwenda Kampala tarehe 8 Septemba 2018 bila wale sita, wakatoka 0-0. Pointi moja ugenini, mbele ya Waganda, si haba. Kinyozi alinikata nywele bure siku ile kwa furaha ya kunikomoa. Oktoba tukafungwa 3-0 kule Cape Verde, siku nne baadaye tukawafunga wao 2-0 Dar es Salaam. Baadhi ya walioachwa walikuwa wamesharudishwa. Mpaka hapo nilianza kumwelewa Mnigeria. Huyu ndiye aliyefunga mabao mawili katika fainali ya Afrika ya 1994 dhidi ya Zambia. Mtu wa namna hiyo anajua kambi ni nini, na kama angemsamehe Bocco kwa sababu ni Bocco, kesho angemwambia nini kijana asiye na jina aliyewahi kufika? Swali hilo, nakiri, nililipata kwa yule winga, siyo kichwani kwangu.

Lakini kuna Maseru. Hapo simsamehi. Novemba 18, 2018, Lesotho, timu ambayo tulikwishatoka nayo sare 1-1 pale Chamazi mwaka 2017. Tulihitaji ushindi, na tulipanga timu kama watu wanaolinda shamba la mahindi usiku: kila mtu nyuma na rungu, hakuna wa kwenda kuvuna. Kwenye kibanda umiza tulikuwa tumebanana, wengine wamepanda kwenye kreti za soda. Tukafungwa 1-0. Watu walitoka bila kusukumana. Umati wa Watanzania ukitoka mlangoni bila kusukumana, jua kuna msiba.

Nidhamu ya kambi na upangaji wa timu ni vitu viwili, na kosa letu mashabiki ni kuvitia kapu moja. Mwezi wa nane tulimtukana kwa jambo ambalo alikuwa na haki nalo. Mwezi wa kumi na moja, alipostahili kuulizwa maswali, sauti zilikuwa zimeshakauka, na waliobaki na sauti walikuwa bado wanahesabu Simba wangapi, Yanga wangapi. Hivi ndivyo tunavyopoteza kesi zetu.

Machi 24, 2019 unaijua. Uganda Uwanja wa Taifa. Tulikuwa pointi sawa na Lesotho, tano kwa tano, na ilibidi sisi tushinde na wao wasishinde Cape Verde. Simon Msuva akafunga. Penalti ikapatikana, na nani akaiendea? Erasto Nyoni. Yule yule wa orodha ya mwezi wa nane. Akaiweka. Aggrey Morris akamaliza la tatu, 3-0, na kule Cape Verde habari zikawa njema. Baba mdogo alipiga simu akilia. Alisema neno moja tu, "Lagos," akakata. Pale Soweto watu walipiga masufuria, na winga wangu alitubeba bure kwa zamu kuzunguka mtaa, wawili wawili, honi chini hadi mafuta yakaisha.

Misri yenyewe, Juni 2019, naipita haraka. Senegal 2-0. Kenya, ambao tuliwatangulia mara mbili, kwa Msuva kisha kwa Mbwana Samatta, wakatufunga 3-2. Algeria 3-0. Julai Amunike akaondoka. Kinyozi akasema, "Kocha ameachwa na yeye. Alichelewa nini?"

Ninachotaka kukisimulia hasa kilitokea baada ya hapo, na magazeti yalikipita kwa sababu hakikuwa na kelele. Timu ikashikwa na Mrundi Etienne Ndayiragije. Jambo la kwanza, akamwita Kaseja! Miaka yote ile, mtu yuko KMC, sisi tumeshamzika. Agosti 2019, Nairobi, mechi ya kufuzu CHAN dhidi ya Kenya, dakika zikaisha 0-0, tukaenda kwenye penalti, Kaseja akaokoa, tukashinda 4-1. Baba mdogo hakupiga simu. Alikuja mwenyewe na basi kutoka mlimani, akaketi, akaomba chai.

Halafu likaja la kwetu. Msimu huo wa 2019/20 Moshi ilikuwa na timu Ligi Kuu, Polisi Tanzania, uwanja wake wa nyumbani Ushirika. Ukisimama jukwaani asubuhi isiyo na mawingu, Kibo inakuangalia kwa nyuma ya goli. Wazee wetu walikwenda pale pale enzi za timu ya Ushirika yenyewe. Sisi tulikwenda kwa miguu kutoka Soweto, na tulikuwa na mtu wetu, mshambuliaji Ditram Nchimbi. Hakuwa Mchagga, na hatukumuuliza. Alikuwa anacheza Moshi, basi ni wa Moshi.

Tarehe 3 Oktoba 2019 Polisi walikuwa Dar kucheza na Yanga. Ikaisha 3-3. Yote matatu ya Polisi, Nchimbi. Kinyozi alifunga duka mapema akidai ana malaria. Na siku chache baadaye Nchimbi akaitwa Stars.

Nilishangilia, kisha nikakaa kufikiri. Je, yale mabao matatu angeyafunga Ushirika, jua la saa kumi, dhidi ya timu ya mkoani, mbele yetu sisi na Mlima Kilimanjaro, angeitwa wiki ile? Labda. Siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba mikoani walikuwepo siku zote. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Watu wa kuchezea taifa hawajawahi kuzaliwa Kariakoo peke yake. Lakini sisi mashabiki, na mimi wa kwanza, tulipokuwa tunalia juu ya orodha tulilia juu ya majina ambayo tayari tunayajua. Wale ambao hatujui kama wapo, tutawalilia vipi?

Oktoba 18, Omdurman. Sudan walikuwa wametufunga 1-0 Dar mwezi uliotangulia. Tulitazama kwa kinyozi, kwa sababu kibanda kilikuwa kimekatiwa umeme. Tukashinda 2-1, tukafuzu kwa bao la ugenini. Wafungaji wawili. Wa kwanza Erasto Nyoni, wa orodha ya walioachwa. Wa pili Ditram Nchimbi, wa Ushirika. Nilimtafuta winga wangu kwa macho nimwambie, "Umeona?" Hakuwepo. Alikuwa amepata abiria wa Kiboriloni.

Dirisha dogo lilipofunguliwa, Nchimbi akaenda Yanga. Simlaumu. Mimi ningekwenda kwa miguu. Huko mabao hayakumjia kama yalivyomjia akiwa kwetu, na jina lake likapungua polepole katika mazungumzo. Polisi nao wakaendelea, leo vizuri, kesho hivi hivi, mpaka mwisho wa msimu wa 2022/23 waliposhuka daraja pamoja na Ruvu Shooting.

Wiki ile waliyoshuka nilikwenda kunyoa. Winga alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu, amekuja na mtoto wake wa kiume, miaka sita, mguu wa kushoto kama babake. Kinyozi akamuuliza mtoto, "Wewe Simba au Yanga?" Mtoto akamwangalia babake. Babake akasema, "Mwache kwanza anyolewe."