Kuhesabu CD4: Rangi, Mwanga na Barabara za Pwani

Kufikia 1986, miaka 3 tu baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa mkoani Kagera, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti ugonjwa huo, Pwani ikiwamo. Hata hivyo, mgonjwa wa kawaida wa Kibaha au Kisarawe hakuwa na namna ya kujua kinga yake imebaki kiasi gani. Hilo lilianza kubadilika Oktoba 2004, Serikali ilipoanza kutoa dawa za ARV bure.

Utaalamu wenyewe wa kuhesabu seli za kinga ulikuwapo zamani. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake wa Harvard waliunganisha rangi inayong'aa na kingamwili, wakaiona kwa darubini iking'ang'ania bakteria. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wolfgang Göhde wa Ujerumani, na kundi la Leonard Herzenberg pale Stanford, walibuni mashine za kupitisha seli moja moja mbele ya mwanga na kupima mng'ao wake. Kisha, 1975, Georges Köhler na César Milstein wakagundua huko Cambridge jinsi ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu. Ndiyo maana 1981, daktari Michael Gottlieb alipopokea vijana waliodhoofika kwa ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI mjini Los Angeles, aliweza kuona ni seli zipi hasa zilizokuwa zikipotea mwilini mwao: seli za kinga ziitwazo CD4.

Katika maabara nyingi za hospitali nchini, mashine iliyozoeleka iliitwa FACSCount. Damu ilikingwa kwenye tyubu yenye kizibo cha zambarau ili isigande. Mtaalamu alichota mikrolita 50, kiasi cha tone moja, akazitia kwenye tyubu nyingine iliyokwisha kuwekwa kingamwili zenye rangi pamoja na chembe bandia ambazo idadi yake inajulikana. Tyubu hiyo ilikaa gizani kwa saa nzima, kwa sababu mwanga hufifisha rangi. Baada ya hapo iliongezwa dawa ya kuhifadhi seli, ikaingizwa mashineni. Leza ikazimulika seli zikipita, na mashine ikalinganisha zilizong'aa na zile chembe, ikatoa idadi ya CD4 katika kila mikrolita ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida huwa kati ya 500 na 1,500.

Mashine ya namna hiyo inataka umeme, vitendanishi na damu ambayo haijachakaa. Kibaha iko kwenye barabara ya Morogoro na ina hospitali ya Tumbi, iliyokua kutoka mradi wa nchi za Nodiki ulioanza 1963 na kukabidhiwa kwa Serikali 1970. Kisarawe nayo ina hospitali yake ya wilaya mjini, lakini vijiji kama Maneromango viko mbali ndani, na masika huwa na amri yake juu ya barabara. Seli hufa kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo sampuli iliyochelewa njiani ni kazi ya bure. Vifaa vidogo kama PIMA, vinavyotumia tone la damu ya kidoleni na kutoa jibu kwa dakika 20 hivi, vilikuwa ukombozi kwa sababu hiyo hasa.

Uzito wa namba ya CD4 ulikuwa mkubwa mno. Mwanzoni, mgonjwa ambaye hakuwa na dalili kali alipewa dawa CD4 zikishuka chini ya 200. Mwenye 230 aliambiwa arudi baadaye. Binafsi naona huo ulikuwa uamuzi wa uhaba uliovaa joho la sayansi: mashine ilisema kweli, lakini iligeuzwa bawabu. Kizingiti kilipandishwa hadi 350, kisha 500, na 2016 Tanzania ikaanza kumpa dawa kila aliyegundulika na VVU, bila kuangalia CD4.

Wengi walidhani kipimo kimekwisha kazi, na kipimo cha wingi wa virusi kikachukua nafasi yake katika kufuatilia tiba. Lakini wapo wanaofika kliniki wakiwa hoi, na wapo wanaorudi baada ya kuacha dozi. Kwao CD4 bado ni ya lazima, maana aliye chini ya 200 anapaswa kuchunguzwa mara moja kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, magonjwa ambayo ARV peke yake haiwezi kuyawahi.