Maktaba za Umma: Jana na Leo

Kila nijapo katika mkutano wetu wa mwaka, wanafunzi huniuliza: mtu aende maktaba kufanya nini, na simu imo mfukoni? Swali hili ni la haki. Ila kabla ya kulijibu, yafaa tutazame maktaba hizi zilijengwa kwa sababu gani.

Wakati wa ukoloni vitabu vya kuazima vilikuwa haba. East African Literature Bureau, iliyoanza mwaka 1948, ilijaribu kuwafikishia Waafrika vitabu kwa masanduku na kwa njia ya posta. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967, Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam.

Tukumbuke hali ya mwaka huo. Katika kila watu wazima 100, wapatao 67 hawakujua kusoma na kuandika. Nchi yenye upungufu wa zahanati na barabara ilikubali kutumia fedha kwa vitabu, kwani aliyefundishwa kusoma asipopata cha kusoma husahau. Ndiyo maana kampeni ya kufuta ujinga ya miaka ya 1970 ilifuatana na maktaba za vijijini, na magazeti ya wasomaji wapya kama Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza. Kufikia mwaka 1986, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi kama 10 katika 100. Maktaba hazikuifanya kazi hiyo peke yake, lakini zilisaidia isipotee bure.

Sasa nirudi kwenye simu. Hata mimi naitumia kila siku, na faida yake ni kubwa. Lakini miaka michache iliyopita alikuja ofisini kwetu mzee mmoja mstaafu. Sehemu ya utumishi wake haikuhesabiwa katika mafao, kwa kuwa jalada lake lilikuwa limeharibiwa na mvua. Tulitafuta katika intaneti, hatukupata kitu. Nilikwenda Maktaba Kuu, nikaomba majuzuu ya zamani ya Gazeti la Serikali. Siku ya pili nililiona tangazo la kuteuliwa kwake, na jina lake limeandikwa sawasawa. Mzee alilipwa haki yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kazi ya pili ni ya mahali. Nilipokuwa mwanafunzi, nyumbani tulikuwa wengi na taa moja. Likizo zote nilisomea katika meza ya maktaba ya mkoa, kando ya mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchuuzi, na mkutubi alituhudumia sote sawa. Hata leo wako vijana wasio na fedha ya bando wala pembe tulivu ya kusomea. Tena kuna ujinga wa aina mpya: mtu anasoma vizuri, lakini hawezi kupambanua habari ya kweli na ya uzushi. Huu nao unahitaji mkutubi.

Ndugu zangu tuliopita hapa, tunapochangia kompyuta tuchangie na vitabu. Nanyi wanafunzi, likizo ijayo nendeni maktaba ya mkoa wenu. Ulizeni magazeti ya mwaka waliozaliwa wazazi wenu, kisha myatafute katika simu. Mkutanoni mwakani mtanijibu ninyi.